Buluu Isiyo na Wino

Kitendawili.
Buluu isiyo na wino, isiyo na nili, isiyo na bahari.
Saga bawa la kipepeo kinuni, utapata vumbi la kahawia:
rangi imekimbia, kwa kuwa haikuwepo.
Palikuwa na mpango tu, vigae juu ya vigae,
vibaraza vyembamba ambamo mwanga hupotea,
na ukitoka umekwisha vaa.

Hivyo ndivyo Wara Colque alivyonieleza, mjini Oruro,
katika maabara yenye dirisha la kadibodi,
mimi dereva wake, niliyedhani rangi ni rangi.
Kipepeo mwenyewe hakuwahi kuupanda mlima huu.
Alifika kwa bahasha, kutoka misitu ya bondeni,
maiti yenye stempu.

Wara akaliiga bawa juu ya utando, upana wa ukucha wa gumba,
akaupaka gundi ya kujifunza kwa kome,
yule ang'ang'aniaye mwamba hata wimbi limtukane.
Risasi ikipita, akasema, itanasa.
Vibaraza vitavimba kidogo, kama mlango wa mbao wakati wa mvua,
na buluu itateleza iwe kijani.
"Basi?" nikauliza.
"Basi."
Miaka sita, na jibu lake ni basi.

Tukapanda. Gari likikohoa, nami nikikohoa.
Mto unaitwa Q'uma Uma, yaani maji safi kwa Kiaymara;
aliyeupa jina alikufa kabla ya mgodi.
Mgodi nao umekufa, lango lina kutu,
ila maiti yake bado inachuruzika.

Bi Eusebia Ticona alitupokea na kondoo wake kumi na mmoja
na mjukuu, Ilario, miaka saba,
anayeijua herufi leo na kesho haijui.
"Ni mto," alisema bibi. "Sote tunajua ni mto."
Wara akadondosha tone.
Tukainama vichwa vitatu, na cha nne cha kondoo.
Buluu ikasitasita, ikaingia ukijani wa maji ya bwawa.
Bibi akatikisa kichwa kama aliyeshinda kesi
ambayo hakutaka kushinda.

Tungeondoka hapo. Mimi nilikwisha washa gari.
Lakini palikuwa na chai, na adabu ni adabu,
chai ya limau ndani ya chungu cha mng'aro wa asali,
chungu cha harusi, cha mama yake Eusebia,
kilichopika kila siku ya Mungu kwa miaka arobaini.
Wara alikiangalia kile kimng'aro.
Akatoa utando wa pili. Hakusema kitu.

Kijani.
Kijani cha jani changa, kijani cha kasuku,
kabla tone halijatulia.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
hawakusema kwamba mara nyingine ni nguo yenyewe,
uliyovishwa kwa vigelegele.

Bibi hakulia. Aliuliza maswali ya mtu wa soko:
Kinaoshwa? Hakioshwi.
Kikichomwa tena? Hapana.
Na aliyekwisha kunywa, kikaratasi chako kinamwosha?
Wara akatazama viatu vyake.
Kinaona tu, bibi. Kimejifunza kuona.
"Hata mimi naona," akasema Eusebia, "na macho yangu hayakulipiwa."

Chungu kikawekwa juu ya ukuta wa mawe, nje, kifudifudi,
kwa sababu hakuna aliyeweza kukivunja.
Wara aliandika jina la daktari, na siku, na nauli,
nauli akaitoa mwenyewe. Nilimwona.

Ilario alibaki na utando ambao haukutumika.
Aliuinamisha huku, buluu; akauinamisha kule, zambarau kidogo;
akaunusa, akauweka shavuni.
Kisha akaniuliza mimi, si Wara, mimi mwenye funguo za gari:
"Huyo kipepeo, yeye alikunywa nini?"

Kilomita tisini za kushuka.
Bado natafuta la kumjibu.